Wageni Wanaokuja Kujifunza: Hotuba Iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Malava



Mmekwisha kusikia hesabu ya fedha na habari za karo za watoto yatima. Limesalia jambo moja ambalo Kamati imetuagiza tulieleze. Je, yatupasa kuwapokea majumbani mwetu wanafunzi wa ng'ambo, wanaokuja kwa majuma machache kujifunza lugha, historia na desturi zetu? Na tukiwapokea, iwe kwa masharti gani?

Jambo hili si geni katika Kenya. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha St. Lawrence, kilichoko Canton katika jimbo la New York, kilianza kuleta wanafunzi wake nchini kwa muhula mmoja, wajifunze Kiswahili darasani na kukaa na jamaa za mjini na za mashambani. Vyuo vingine vimefuata njia hiyo.

Baadhi yenu mmeuliza, "Wanatafuta nini kwetu, nao wana vyuo vikubwa kwao?" Twaomba tukumbushane. Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 wa Kenya walipanda ndege kwenda kusoma Marekani, kwa jitihada za Tom Mboya na wenziwe. Mwaka 1960 akafuata msichana aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Wangari Maathai. Alisoma Atchison, katika jimbo la Kansas, akapata shahada yake mwaka 1964. Wana wetu hao walifunguliwa milango na watu wasiowajua. Hilo ni deni, nalo deni la ukarimu hulipwa kwa ukarimu.

Walakini ukarimu usio na utaratibu huzaa majuto. Mzee mmoja wa hapa kwetu alimsimulia mgeni, kwa muda wa siku tatu, majina ya mababu zake na safari zao hata wakafika katika nchi hii ya Kabras. Mgeni aliandika yote, akashukuru, akaenda zake. Mzee sasa ni marehemu, na wajukuu wake hawana hata ukurasa mmoja wa maneno yake. Hatumshitaki mtu, twasema tu kwamba hatukujua la kuomba.

Nasi twajua ya kuwa kazi hii yaweza kufanywa vyema. Gideon Were, mwana wa Abaluyia, alizunguka akiwauliza wazee. Mwaka 1967 alitoa kitabu cha historia ya Abaluyia, na pamoja nacho akatoa kitabu kingine chenye masimulizi ya wazee wenyewe. Kwa hiyo msomaji aweza kupima maneno ya mwandishi kwa maneno ya wazee.

Basi Kamati yapendekeza mambo manne. Kwanza, mzee aulizwe kabla ya kurekodiwa, na akikataa aachwe kwa heshima. Pili, nakala ya kila rekodi na kila maandishi ibaki Malava. Tatu, kila mgeni afuatane na kijana wetu mmoja, mwanamume au mwanamke, aliyemaliza shule, ili yale anayojifunza mgeni ayajifunze na mwenyeji. Nne, mama anayempikia mgeni alipwe gharama ya chakula, maana unga na kuni havipatikani kwa sifa.

Sharti la tatu ndilo lenye uzito kupita yote. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya isukuti, ya ndugu zetu Waisukha na Waidakho, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ni heshima kubwa, lakini orodha haipigi ngoma. Ngoma hupigwa na vijana waliofundishwa. Itakuwa aibu ikiwa mwana wa ng'ambo atajua jina la ukoo wetu, na mwana wetu hajui.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na tuwape wageni hawa jembe, tulime nao shamba moja, kisha mavuno tugawane.

Kwa hayo machache, twaomba mkutano huu uyakubali mapendekezo ya Kamati.