Funda Moja la Dawa ya Magugu: Antioksidanti na Jeraha la Ghafla la Mapafu



Tangu Lord Maurice Egerton alipoanzisha shule ya kilimo hapa Njoro mwaka 1939, elimu yetu imekaa mlango mmoja na shamba. Nami jioni hii naanzia ghalani. Kando ya mbegu za viazi na bomba la kunyunyizia pana chupa ya soda, na ndani yake mna dawa ya magugu iliyomiminwa kutoka kwenye mtungi mkubwa. Ikiwa ni paraquati isiyochanganywa na maji, funda moja tu laweza kuua.

Haiui papo hapo. Seli za mapafu zina mlango wa kupokea kemikali ziitwazo poliamini, na paraquati hupenya mlango huohuo hadi ikajaa mapafuni kuliko ilivyo damuni. Humo huchukua elektroni, huikabidhi oksijeni ikawa kali, kisha hurudi kuchukua nyingine. Chembe moja hurudia kazi hiyo mara nyingi mno. Mgonjwa huongea, hata huomba chai. Siku chache baadaye pumzi inakatika. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini hapa oksijeni yenyewe huchochea, kwa hiyo daktari huitoa kwa mkono mzito, mpaka damu ipungukiwe nayo sana.

Basi, kama oksijeni kali ndiyo inayounguza, kwa nini tusiizime kwa antioksidanti, yaani vitu vinavyoituliza? Hoja hii inavutia. Vitamini C, vitamini E na N-asetilisisteini, dawa inayookoa ini la aliyemeza parasetamoli kupita kiasi, zote zimejaribiwa dhidi ya paraquati. Hadi leo hakuna hata moja iliyothibitika kuwa kiuasumu chake.

Mapafu hujeruhiwa pia na nimonia na maambukizi ya damu. Jeraha hilo la ghafla la mapafu lilielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1967, na antioksidanti zimepimwa humo pia. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio moja la lishe yenye mafuta ya samaki na antioksidanti, lililosimamishwa baada ya wagonjwa 272, kwa kuwa halikuonyesha faida. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vitamini C ya kudungwa mishipani, lenye wagonjwa 167. Vipimo vikuu vilivyopangwa tangu mwanzo havikutofautiana, ila waliopewa vitamini walikufa wachache: asilimia 29.8 dhidi ya 46.3. Wengi walishangilia. Mwaka 2022 likaja jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa 872 wenye maambukizi makali: waliokufa au kubaki na viungo vilivyoshindwa kazi walikuwa asilimia 44.5 kwa waliopewa vitamini C, na 38.5 kwa wasiopewa. Shangwe ikazimika.

Mwili si sufuria ya kuzimia moto. Seli nyeupe za damu hutumia oksijeni hiyohiyo kali kuua vijidudu, na vitamini C nyingi ikikutana na chuma yaweza yenyewe kuzalisha kile tunachotaka kukizima. Hoja nzuri ni sababu ya kupima. Si ruhusa ya kutibu.

Na kupima kwaweza kufanyika kwetu. Utafiti wa Kigali uliochapishwa mwaka 2016 ulitumia mashine ya ultrasaundi na kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, mahali pa vipimo vya gharama. Kati ya wagonjwa 1,046 waliolazwa, 42 walikuwa na jeraha hili. Nusu yao walikufa, na chini ya thuluthi walifika chumba cha wagonjwa mahututi. Ugonjwa huu si wa nchi tajiri peke yake.

Kwa hiyo, wanafunzi, anayewauzia unga wa antioksidanti wa kusafisha mapafu mwulizeni: ulilinganishwa na nini, na nani alihesabu waliokufa? Nanyi wakulima, dawa ya magugu ibaki katika chombo chake chenye lebo, na ghala lipigwe kufuli. Aliyeimeza apelekwe hospitali saa hiyohiyo pamoja na chombo hicho, hata kama anaongea, anacheka na kuomba chai.