Mtoa Taarifa Asigeuzwe Mshitakiwa



Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Usemi huu kwa kawaida huelekezwa kwa mgonjwa. Leo napenda kuuelekeza kwa hospitali yenyewe, na kwa vyombo vilivyokabidhiwa na sheria kazi ya kusimamia waganga na wauguzi. Mfano wangu nauchukua Uingereza, ambako mambo haya yamechunguzwa hadharani.

Mwaka 1990, katika hospitali moja kuu ya mji wa Bristol, daktari wa usingizi aitwaye Stephen Bolsin alimwandikia mkuu wa hospitali kueleza wasiwasi wake juu ya vifo vya watoto waliopasuliwa moyo. Hakusikilizwa. Miaka ikapita, na watoto wakaendelea kupelekwa chumba cha upasuaji. Mwaka 1998 ndipo Baraza la Madaktari lilipowatia hatiani madaktari watatu. Wawili wakafutwa katika daftari la madaktari, na mmoja wa hao wawili ni yule yule mkuu aliyeandikiwa barua. Mwaka 2001 tume ya Profesa Ian Kennedy ilieleza kuwa kati ya 1991 na 1995 watoto wapatao 30 hadi 35, wenye umri usiozidi mwaka mmoja, walikufa zaidi ya idadi ambayo ingetazamiwa. Bolsin alikuwa amekwisha kuhamia Australia.

Mwaka huo huo wa 1998 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kumlinda mfanyakazi anayefichua maovu kwa manufaa ya umma. Lakini sheria ni jambo moja na utekelezaji ni jambo jingine. Mwaka 2015 Jaji mstaafu Anthony Hooper, akiwa ameombwa na Baraza lenyewe, alionyesha hatari iliyojificha: mkuu aliyeudhika aweza kumshitaki daktari huyo kwa Baraza kwamba hafai kazi, na Baraza likapokea mashitaka bila kujua kuwa mshitakiwa ndiye aliyetangulia kusema. Hivyo chombo cha kuwalinda wagonjwa hugeuzwa fimbo ya kumchapia aliyewatetea. Hooper alishauri kwamba anayeleta mashitaka aulizwe kama mshitakiwa alikwisha kutoa taarifa juu ya usalama wa wagonjwa, na athibitishe kuwa asemayo ni kweli.

Tangu 2017 mabaraza hayo yanawajibika kueleza kila mwaka yamepokea taarifa ngapi na yamechukua hatua gani.

Wako watakaosema kuwa utaratibu huu unawafungulia mlango wambea. Hoja hiyo haina nguvu. Umbea hudhihirishwa na uchunguzi. Hauondolewi kwa kuitupa barua kapuni. Na mtumishi mwenye makosa yake hapati kinga kwa sababu tu ametoa taarifa. Bali makosa hayo yapimwe peke yake, na taarifa yake ipimwe peke yake.

Ndugu zangu, chombo cha usimamizi kisipimwe kwa wingi wa watumishi kinaowaadhibu. Kipimwe kwa yale kinayoyatenda siku barua ya kwanza inapofika mezani, wakati mgonjwa angali hai na bado anaweza kuokolewa.