Moto wa Kuni Hauna Swichi
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa kila mwaka)



Kila aliyelala katika mabweni haya anayakumbuka maji ya alfajiri. Mwezi wa Julai, kopo la kwanza likipita mgongoni, ulisahau hata jina lako. Niliapa kwamba nikijenga nyumba yangu, itakuwa na maji moto. Nimeombwa nieleze nilivyotimiza ahadi hiyo, na jinsi ilivyokaribia kunitia msibani.

Nyumba yangu iko Njombe, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuni za miwati tunazo, lakini si za kuchezea. Nilianza na hesabu tuliyofundishwa humu humu. Kupasha lita 200 za maji kutoka nyuzi 15 hadi 60 ni 200 mara 4.2 mara 45, yaani kilojuli 37,800. Kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli 15,000 hivi. Nusu yake ikiingia kwenye maji, kilo 5 zatosha. Kuni mbichi hupoteza joto kwa kukausha maji yake zenyewe.

Mpango ni huu. Boila hukaa chini, tangi juu yake. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda na kuingia sehemu ya juu ya tangi. Ya baridi hushuka kutoka chini ya tangi na kurudi kwenye boila. Pampu haihitajiki. Ila bomba la kupanda lisiiname popote, maana hewa itanasa na mzunguko utakwama. Tangi livikwe maranda makavu, unene wa sentimita 10.

Washa moto mkali jioni, uache uishe. Joto litakaa tangini hadi asubuhi. Moto unaobanwa hewa ili uwake polepole hutoa moshi mwingi na kupoteza kuni. Ndiyo maana hata Sweden na Austria, ambako boila za kuni hupasha vyumba wakati wa baridi, watu huziunganisha na matangi makubwa ya kutunza joto.

Sasa kosa langu. Lita 200 zikipata joto hilo hutanuka kwa lita 3 hivi, na lazima zipate pa kwenda. Kwa hiyo juu ya tangi hutoka bomba la pumzi, lililo wazi, likapanda kupita usawa wa tangi la maji baridi. Langu lilikatwa fupi, likawa linadondosha maji. Mwaka 2016 nilimwambia fundi alitie koki.

Yule mzee akakataa. "Mwanangu, bomba hili halifungwi."

Nikamjibu kwamba mimi nimesoma chuo kikuu. Koki nikaifunga mwenyewe.

Jioni moja koki ya maji baridi nayo ilikuwa imefungwa, wala hatukujua. Mabomba yakaanza kunguruma. Mama yangu, aliyekuwa akiota moto kando ya boila, aliinuka kufuata kitenge chake chumbani. Kiungo kikafumuka. Maji yakigeuka mvuke huongezeka ukubwa zaidi ya mara 1,000. Mvuke huo ulikipiga kiti alichotoka kukikalia. Jiko la umeme ungelizima. Moto wa kuni hauna swichi.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee kumwomba radhi. Aliitupa koki, akarefusha bomba, na mpaka leo linafanya kazi.

Vijana, hesabu zangu zilikuwa sahihi. Sikumsikiliza mwenye kazi yake, na ilibaki kidogo nimzike mama.

Ndugu Mwenyekiti, maji ya bweni bado ni ya baridi. Nimeyaonja leo asubuhi. Napendekeza tuchangie boila na tangi. Mchango wangu nautoa sasa hivi, kwa sharti moja: bomba la pumzi lisitiwe koki.