Dereva wa Mutomo

Juma hili tulimzika dereva wa lori huko Mutomo, Kitui. Miaka mingi alipeleka makontena kutoka Mombasa mpaka Malaba. Kila safari alipita Kibwezi, katika Makueni, mahali inapochepuka barabara ya kwenda kwao, wala hakuwa na ruhusa ya kukata kona. Karo ya watoto ndiyo iliyofika nyumbani kabla yake.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, madereva walikaa siku nyingi katika foleni ya Malaba wakingoja kupimwa. Wako waliowaita waleta ugonjwa. (Unga na mafuta waliyoyabeba hayakuogopwa na mtu!) Naye alipopata likizo alilala siku 14 ghalani, mkewe akimwekea chakula juu ya jiwe, watoto wakimpungia mkono kutoka mlangoni.

Mtume Paulo, akiwaeleza Wakorintho taabu za kazi yake, hakuona haya kutaja safari na kukesha. Tuliposoma maneno hayo kaburini, mjane aliitikia kwa kichwa.

Tumwombee mama huyo na watoto wake, pamoja na yule aliyekuwa utingo wake, ambaye sasa ndiye anayeshika usukani.