Korona na Kiharusi: Mgonjwa Akipooza Wodini



Wenzetu wa Mbagala na Chamazi wametuomba tuzungumze juu ya jambo ambalo mpaka leo linasemwa vibarazani. Mtu kalazwa kwa korona, kifua kinambana. Siku chache baadaye mdomo umekwenda upande na mkono mmoja hauinuki. Hapo wengine husema, "Kapigwa na jini huyo," na hutaka kumtoa wodini wampeleke kwa mganga.

Sasa tutazame. Korona ilitangazwa kuingia nchini kwetu tarehe 16 Machi, 2020. Hapa Dar es Salaam wagonjwa walilazwa Amana, Mloganzila na kwingineko. Sote tuliujua kuwa ni ugonjwa wa mapafu. Kumbe huvuruga na damu! Mwili unapopigana sana na virusi hivyo, kuta za mishipa huumia, na damu huganda upesi kuliko kawaida. Bonge dogo la damu likifika kichwani huziba mshipa, kama takataka zinavyoziba bomba la maji. Sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa. Hicho ndicho kiharusi. Jini hayumo. Kipo pia kiharusi cha mshipa kupasuka, lakini kwa wagonjwa wa korona kilichoonekana zaidi ni hiki cha kuziba.

Huko New York, Marekani, madaktari wa hospitali mbili walihesabu mwaka 2020. Kati ya wagonjwa 1,916 wa korona, 31 walipata kiharusi. Wakatazama na wagonjwa 1,486 wa mafua makali wa miaka ya nyuma: waliopata kiharusi ni 3 tu. Haya, pigeni hesabu wenyewe. Kwa korona ni kama 16 katika kila 1,000. Kwa mafua ni 2. Si wengi, lakini si mchezo.

Na sisi wa Dar es Salaam mzigo huu tulikuwa nao zamani. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi vipya wilayani Hai na hapa mjini. Walipolinganisha umri wa watu, Hai walikuta kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hapa kwetu walikuta kama 316, karibu mara tatu! Presha ndiyo mama wa mambo haya, na wengi wetu hatujapima hata mara moja. Mtu wa Yombo au Bunju mwenye presha asiyoijua, akiugua korona, anaingia wodini na mizigo miwili kichwani. Na mwenye vidonge vyake asiviache ati kwa kuwa leo anajisikia mzima.

Mwaka ule wa 2020 wengi tulijifukiza nyungu. Hatugombani na mtu kwa hilo. Mvuke huenda ukafungua pua, lakini hauyeyushi damu iliyoganda kichwani.

Wodini kiharusi huweza kujificha. Mgonjwa amelala, amechoka, ana kifaa cha oksijeni usoni. Muuguzi hajui uso wake wa siku zote, ninyi mnaujua. Mkiruhusiwa kumwona, mwambieni atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme jina lake na la mtoto wake. Mkizuiwa, ongeeni naye kwa simu. Mdomo ukivutwa upande, mkono mmoja ukianguka, au maneno yakitoka yamevurugika, mwiteni muuguzi saa ile ile. Msingoje kikao cha ukoo.

Hata akisharudi nyumbani, hatari hubaki kwa wiki kadhaa. Dalili zikitokea huko, msimpe chakula, maji wala kidonge chochote, maana koo huweza kuwa limepooza naye akapaliwa. Mlazeni ubavu, mtafute gari, mwende hospitali, Temeke au Mwananyamala, iliyo karibu.

Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu kiharusi kuanza, tena baada ya picha ya kichwa, na si kila hospitali inayo. Kwa hiyo daktari atauliza kwanza: kilianza saa ngapi? Watu hutazamana. Mmoja anasema asubuhi, mwingine anasema jana.

Hapa ndipo kisomo chenu kinapotakiwa. Chukueni karatasi, andikeni jina la mgonjwa, siku aliyoanza kuugua korona, na majina ya vidonge anavyotumia, mkiyanakili kutoka kwenye pakiti. Kisha andikeni saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Kama alikwenda kulala saa 3 usiku akiwa mzima, akaamka saa 12 asubuhi amepooza, andikeni saa 3 usiku, si saa 12. Mpeni karatasi hiyo atakayepanda naye gari.