Makofi peke yake hayasomeshi mtoto

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, Baraka, siku ya kupongeza finalisti



Sitarefusha. Egzamini ya Leta tunaijua: kwanza disertasiyo ya Kifaransa, kisha siku 4 za maswali, na asiyefikisha asilimia 50 hana diploma. Hawa watoto wetu, wengine walizaliwa Lugufu ao Nyarugusu, wakavuka ziwa kurudi. Nyumbani ni Kibembe, barabarani ni Kiswahili, lakini mtihani ni Kifaransa. Mkiona asilimia 68, mujue imetoka mbali.

Sasa niseme jambo linalonisumbua. Mwaka jana tulipongeza msichana mmoja aliyewapita wenzake wote. Tukamupa sakosi, madaftari na kitenge, tukapiga picha, na mimi nikaandika raporti nzuri. Mwezi wa 11 nikamukuta sokoni anauza ndagala za mama yake. Nikamuuliza habari ya chuo. Akanijibu kwa adabu: "Kaka, feza ya kujiandikisha ilikosekana." Nilikosa la kusema. Kosa lilikuwa letu, na mimi niko wa kwanza.

Kwa hiyo naleta mambo matatu.

Moja, zawadi ya aliyeongoza iwe feza ya kujiandikisha chuo, na komite iilipe palepale chuoni.

Mbili, tusingoje matokeo. Tangu 2019 shule ya msingi ya Leta haina malipo, lakini sekondari mzazi angali analipa, na mwaka wa mwisho kuna tena feza ya kushiriki ku egzamini. Wengi wenye akili wanaangukia hapo, hata hawafiki kwenye orodha tunayosoma leo.

Tatu, ninyi mliofaulu, kila Jumamosi mufundishe wadogo zenu disertasiyo. Hiyo haiombi makuta.

Wafazili wetu, aksanti kwa masakosi. Mwaka huu mtusaidie kwa hiyo feza. Wanamemba, mchango wa mwezi tuutoe bila kukumbushwa, maana mfazili anasaidia mtu aliyekwisha kuanza.

Finalisti, mmetuheshimisha. Hata wewe wa asilimia 51, simama upigiwe makofi.

Na yule msichana ameketi hapa kati yetu. Naomba deni lake tulimalize kwanza, kabla ya zawadi mpya.