Usukani Unapotikisika, Tuulize Kwanza Unaanza Lini

Hotuba kwa waendesha bodaboda, mafundi na wakazi wa mpakani, iliyosomwa katika baraza la polisi na jamii

Mheshimiwa mwenyekiti wa steji, wazee wetu, kina mama wa sokoni, mafundi, na ninyi ndugu zetu mnaoendesha pikipiki,

Tunawashukuru kwa kuziacha kazi zenu saa hizi za asubuhi, tukijua kwamba kila dakika mnayokaa hapa ni abiria anayebebwa na mwingine. Leo hatukuja kuzungumzia leseni wala kofia. Tumekuja kuzungumzia usukani unaotikisika, na tutaanza na ajali iliyotokea mbele ya kizuizi chetu wenyewe, kwa sababu maneno mengi yamesemwa juu yake pande zote mbili za mpaka, na baadhi ya maneno hayo tuliyasema sisi.

Wengi wenu mnaikumbuka. Kijana mmoja alikuwa akiteremka mlima kuelekea kizuizini, amempakia mama mmoja na gunia la dagaa nyuma ya mama huyo. Alipobakisha kama hatua hamsini, usukani ulianza kupigapiga kulia na kushoto, naye akaanguka. Mama alivunjika mtulinga. Kijana alichubuka mikono na magoti. Kabla vumbi halijatulia, habari mbili zilikuwa zimekwisha kuzaliwa. Askari wetu aliandika katika kitabu cha kituo kwamba mwendeshaji alijaribu kukikwepa kizuizi. Huko sokoni ikasemwa kwamba askari alimrushia rungu kwenye gurudumu. Jioni ile vijana walijaa mbele ya kituo, na ilibaki kidogo tu mawe yarushwe.

Aliyetuokoa sote ni mzee mmoja aliyeketi hapa leo, ambaye ameomba asitajwe. Alisema: kuna shahidi wa tatu ambaye hajaulizwa, nayo ni pikipiki. Ikakubaliwa kwamba ikaguliwe hadharani, na mkaguzi wetu pamoja na fundi mliyemchagua ninyi.

Fundi yule alitushangaza tangu mwanzo. Hakushika spana. Alikwenda kwanza hospitalini kumwuliza kijana maswali matatu: mtikisiko huu ulianza lini, hutokea ukiwa kwenye mwendo gani, na huja ukiwa na mzigo au hata ukiwa mtupu? Kijana akajibu bila kuficha. Ulianza majuma matatu nyuma, baada ya gurudumu la mbele kuingia kwenye shimo. Hutokea akiwa karibu na kilomita 50 kwa saa, hasa anapoachia mkono wa mafuta, na huzidi akiwa na mzigo nyuma. Akiongeza mwendo hadi 70, hupotea. Kwa hiyo, alisema, alikwisha kuzoea kuupita.

Neno hilo, kuupita, tunaomba tukae nalo kidogo, maana tumelisikia tangu hapo kutoka kwa waendeshaji wengi. Gurudumu la inchi 17, ambalo ndilo lililo kwenye pikipiki nyingi za steji hii, likizunguka mara moja husogea kiasi cha mita 1.8. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, basi, huzunguka karibu mara 8 katika kila sekunde. Kama lina kasoro, kila mzunguko hutoa msukumo mdogo. Sasa, usukani pamoja na uma wa mbele na gurudumu lake vina mdundo wao wa kuyumba, kama bembea ilivyo na mdundo wake. Kwa pikipiki, mdundo huo huwa kati ya mara 4 na 10 kwa sekunde. Mtoto anayesukuma bembea kwa wakati wake hahitaji nguvu nyingi ili ipae. Ndivyo msukumo mdogo wa gurudumu, ukiangukia kwenye mdundo wa usukani, unavyokuwa mtikisiko wa kung'oa mikono. Ukienda kasi zaidi, msukumo na mdundo vinapishana, usukani unatulia, nawe unadhani umepona.

Lakini hakuna anayeendesha kwa kilomita 70 mpaka kaburini kwake bila kusimama mahali. Kila aliyeupita mtikisiko kwa kuongeza mwendo lazima aurudie anapopunguza. Kijana yule aliona kizuizi chetu, akaachia mafuta, akashuka kutoka 70 kuelekea 50, kwenye mteremko, na mzigo mgongoni. Alipofika pale pale alipopaogopa, akabana usukani kwa nguvu zote na kukamata breki ya mbele. Hakuwa akikwepa kizuizi. Alikuwa akikitii.

Tunarudi kwenye ukaguzi. Pikipiki ilipandishwa kwenye stendi kubwa, mtu mmoja akakandamiza nyuma ili gurudumu la mbele lining'inie. Fundi akashika miguu ya uma kwa chini, akaivuta na kuisukuma mbele na nyuma. Hapo husikilizwa mgongo mdogo, tk, tk, unaohisiwa shingoni mwa pikipiki. Ukisikika, nati ya shingo imelegea au gololi na vikombe vyake vimelika. Kisha akauzungusha usukani polepole kwa vidole viwili kutoka kulia hadi kushoto. Ulikwenda vizuri, ila katikati, ulipotazama mbele sawasawa, ulinasa kidogo kana kwamba umeanguka kwenye kishimo. Na kweli ni kishimo: gololi zikipigwa na barabara mbovu kwa muda mrefu hujichimbia mahali pake kwenye vikombe, na hapo usukani hauwezi kujisahihisha wenyewe kwa upole. Kila aliye hapa anaweza kulifanya jaribio hili kabla ya chai ya asubuhi.

Halafu akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa pembeni, ili kuona kama beringi za gurudumu zinacheza. Hazikucheza. Akashika kijiti, akakiegemeza kwenye uma karibu na rimu, akalizungusha gurudumu. Rimu ilikisogelea kijiti na kukiacha, ikakisogelea na kukiacha. Alipogonga spoku moja moja kwa spana, nyingi zililia. Tatu zilizofuatana hazikulia, zilitoa sauti ya kijiti kikavu. Hilo ndilo shimo la majuma matatu. Akatazama pia mstari mwembamba uliochorwa ubavuni mwa tairi kandokando ya rimu, kama uko umbali ule ule pande zote, maana tairi lisilokaa vizuri kwenye rimu baada ya kuzibwa pancha huleta ugonjwa uo huo. Lilikuwa sawa.

Jambo tulilojifunza zaidi ni lile lililofuata. Tungalikuwa sisi, tungaliamuru vyote vibadilishwe siku hiyo hiyo. Yeye alikaza na kunyoosha spoku tu, akaijaribu pikipiki kwenye barabara ya tambarare. Mtikisiko ulipungua, haukuisha. Ndipo akabadilisha gololi na vikombe vya shingo. Ukaisha, pikipiki ikiwa tupu. Akafunga gunia la mchanga kwenye keria, lenye uzito kama ule wa siku ya ajali, na akaurudisha mwavuli mkubwa uliokuwa umefungwa kwenye usukani. Mtikisiko ukarudi, mdogo lakini ukarudi. Akaondoa mwavuli, akalisogeza gunia mbele ya ekseli ya nyuma, haukuonekana tena. Kwa njia hiyo kila sababu ilijieleza peke yake, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na la kubisha.

Mwavuli huo, ndugu zetu, tunajua mnaupenda, na jua la huku tunalijua. Ila kitambaa kilichofungwa kwenye usukani ni tanga, na upepo unaposhika tanga huvuta usukani, si kiti. Kuhusu mzigo, tazameni tu ilipo ekseli ya nyuma. Kilo zinazokaa nyuma ya ekseli huinua mbele, kama mtoto mzito anavyomwinua mwenzake upande wa pili wa ubao. Gurudumu la mbele lililoinuliwa haliishiki barabara kama inavyopasa, na mtikisiko hupata nafasi. Keria zilizorefushwa kwa kuchomelea chuma zinatutia wasiwasi kuliko kasi yenyewe.

Mafundi mtatuwia radhi kwa neno moja. Mteja akija na kusema "kaza tu," msikaze tu. Nati ya shingo ikikazwa kupita kiasi huuficha mtikisiko kwa siku chache, usukani unakuwa mzito, pikipiki inatangatanga ikiwa kwenye mwendo mdogo, na gololi zinazidi kujichimbia. Mwenye pikipiki anarudi nyumbani akiwa amelipa ili ugonjwa ukue.

Upo pia mwendo mwingine wa kuyumba ambao watu huuchanganya na huu. Huo ni wa polepole, waweza kuuhesabu, na husikika zaidi kwenye kiti kuliko mikononi. Hapo tafuteni nyuma: bushi za mkono unaoshika gurudumu la nyuma, upepo wa tairi, na alama za kukazia mnyororo, kama zinalingana kulia na kushoto. Na ikiwa usukani hupigapiga mkikamata breki tu, anzeni na breki yenyewe.

Usukani ukianza kutikisika mkiwa barabarani, msipigane nao. Ushikeni imara bila kukakamaza mikono, baneni tangi kwa magoti, inameni mbele, achieni mafuta pole pole, wala msikamate breki kwa ghafla. Msijaribu kuupita kwa kuongeza mwendo. Nanyi kina mama mnaopakiwa, msiruke wala msiegemee upande mmoja. Tulieni mgongoni kwa mwendeshaji mpaka asimame.

Sasa yale yanayotuhusu sisi. Kizuizi kilikuwa chini ya mteremko, mahali ambapo kila pikipiki hulazimika kupunguza mwendo ikiwa imeinama. Tumekihamishia kwenye tambarare, na kibao cha kuonya kimewekwa mita 200 kabla yake kila upande. Katika kitabu cha kituo, mstari wa kwanza haukuchanwa; umekatwa kwa kalamu, bado unasomeka, na chini yake imeandikwa sababu iliyoonekana katika ukaguzi, na sahihi za mkaguzi wetu na za fundi. Aliyeuandika mstari wa kwanza alikwenda mwenyewe kumtazama mama hospitalini. Lile neno la rungu pia tunaomba likatwe huko lilikoandikwa, yaani sokoni na ng'ambo ya mpaka.

Tunajua kwa nini kijana yule hakumwambia mtu majuma matatu. Aliogopa kwamba akisema pikipiki ni mbovu itazuiliwa, na pikipiki ikizuiliwa nyumbani kwake hakuna kinachopikwa. Hofu hiyo hakuiokota njiani, tulimpa sisi. Kwa hiyo, mbele ya wazee hawa, tunasema: pikipiki itakayoletwa na mwenyewe kukaguliwa haitazuiliwa kwa ubovu itakaoonyesha siku hiyo. Ikiwa haifai kubeba abiria tutamwambia, na ataisukuma au kuipakia mpaka kwa fundi wake, iwe upande huu au ule. Jina lake halitaandikwa.

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani hapa hapa kati ya Uganda na Kenya, kule Busia, siku za baiskeli, wakati watu walipokuwa wakivushwa kutoka mpaka hadi mpaka. Ukaguzi wetu nao utakuwa wa pande mbili. Wenzetu wa ng'ambo wamekubali kuuendesha kwa njia hiyo hiyo upande wao.

Fundi amekwisha kutandika gunia chini ya mwembe, na vijiti vya kupimia rimu ameleta vya kutosha. Tunaomba tuanze na pikipiki ile yenye mwavuli wa bluu, kama mwenyewe ataridhia kuufungua.